Kati ya maneno matamu na visima vya mafuta

Msomaji mmoja ameandika: "Mwalimu, mimi na shemeji yangu tumebishana mpaka tumenuniana. Yeye anasema hakuna vita vilivyowahi kupiganwa kwa ajili ya uhuru, haki wala ustaarabu. Kwake yote ni mafuta, madini na masoko, na maneno mazuri ni ya kuwafumba watu macho. Mimi naona haiwezekani wote wale wawe waongo. Lazima wapo wanaoamini kweli. Nani kati yetu yuko sahihi? Na hata kama wanafuata mali, ikiwa dhalimu ameondolewa, kuna ubaya gani?"

Mmenuniana bure, maana kila mmoja anajibu swali lake. Shemeji yako anaangalia mali imeishia wapi. Wewe unaangalia kilichokuwa moyoni mwa aliyetangaza vita. Ya moyoni nimeacha kuyatafuta siku nyingi. Hata katika kumbukumbu za vikao vya siri, ambako wakubwa walidhani hakuna atakayewasikia, ni vigumu kujua nani anaamini na nani anajifanya. Kinachoonekana vizuri zaidi ni kazi inayofanywa na neno lenyewe. "Uhuru", "ustaarabu", "kukomesha utumwa": maneno haya hufungua hazina, huleta washirika, huwanyamazisha wapinzani. Kwa hiyo mimi huanza kwa kuuliza, neno hili lilihitajika ili nani akubali nini?

Nikupe kisa ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu ushahidi wake umo katika jina la sheria. Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikodisha Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki mwambao wake, pamoja na haki ya kukusanya ushuru wa forodha. Maofisa wa kampuni walipokuja kushika miji mwezi Agosti, watu wa pwani waliwakatalia, na baada ya wiki chache kampuni ilikuwa imebakiwa na Bagamoyo na Dar es Salaam tu. Ilikuwa kampuni ya biashara, tena changa. Haikuwa na jeshi wala fedha za kuunda jeshi, ikakimbilia serikali.

Chansela Bismarck naye alikuwa na bunge la kushawishi, na humo chama cha Wakatoliki hakikuwa na hamu ya kutoa kodi za wananchi kuwaokoa wafanyabiashara waliojiingiza wenyewe matatani. Lakini mwaka huohuo Kardinali Lavigerie alikuwa akizunguka Ulaya kuhubiri dhidi ya biashara ya watumwa barani Afrika, na Oktoba mkutano mkubwa wa kuunga mkono jambo hilo ulifanyika Cologne. Bismarck akauona mlango. Februari 1889 ilipita sheria ya kutoa marki milioni 2, na jina lake lilikuwa, kwa tafsiri yangu, sheria ya kupambana na biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani Afrika Mashariki. Mambo yote mawili yamekaa mkeka mmoja, bila aibu. Hermann Wissmann, ofisa wa Kijerumani, akatumwa akiongoza jeshi la kukodi, na Desemba mwaka huo Bushiri bin Salim, aliyeongoza upinzani, akanyongwa Pangani.

Utumwa wenyewe je? Wanasheria watanikumbusha kwamba sheria ile ilitaja biashara ya watumwa na haikutaja utumwa, nao wana haki. Tofauti hiyo ndogo ilibeba mengi. Wajerumani walitawala mpaka Vita Kuu ya Kwanza bila kuufuta. Waliupunguza kidogokidogo, kwa mfano kwa amri kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa kuanzia 1906 watakuwa huru. Uliokuja kuufuta kisheria ni utawala wa Waingereza, mwaka 1922, miaka 33 baada ya fedha kupitishwa Berlin. Ushuru wa forodha haukusubiri hivyo.

Usikimbilie kusema "basi walikuwa waongo". Bushiri alikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, na misafara ya watumwa aliyoihubiri Lavigerie ilikuwepo. Hili watu wa upande wa shemeji yako hulisahau: tuhuma inayotumika kuhalalisha vita mara nyingi ni ya kweli. Mussolini alipoivamia Ethiopia mwaka 1935 alisema anakwenda kukomesha utumwa, na utumwa ulikuwepo Ethiopia. Majenerali wake wakatangaza kuufuta huko Tigray, kisha wakamwaga gesi ya sumu juu ya watu haohao. Uongo mtupu huvunjika mapema. Ukweli ulioshikwa upande mmoja hudumu.

Kuna nyakati ambapo imani yenyewe iligharimu mali badala ya kuileta, na hapo wewe una hoja. Uingereza ilipopiga marufuku biashara ya watumwa kwa raia wake, iliweka kikosi cha meli za kivita pwani ya Afrika Magharibi kuanzia 1808, na mwaka 1817 ikakubali kuilipa Hispania pauni 400,000 ili nayo iiache. Mabaharia walikufa kwa homa miaka nenda miaka rudi. Huwezi kuniambia hiyo ilikuwa njama ya faida. Lakini mwaka 1851 jeshi la majini lilelile likaupiga Lagos kwa mizinga, kwa sababu ileile, na mwaka 1861 mji ukatwaliwa kuwa koloni, wakati mafuta ya mawese yalikuwa biashara kubwa ya ukanda ule. Mwamba ngoma huvutia kwake, hata kama alianza kuiwamba kwa ajili ya sherehe ya wengine.

Kwa nini basi wasiseme tu wanataka mali? Waathene walisema. Walipokizingira kisiwa cha Melos mwaka 416 KK, kwa masimulizi yaliyotufikia, waliwaambia wenyeji kwamba hawatapoteza muda kwa maneno mazuri, wala wasitegemee haki pale ambapo nguvu hazilingani. Huo unyoofu ni nadra sana katika historia. Wahispania walikuwa na njia ya ajabu zaidi: kuanzia 1513 makamanda wao Amerika walitakiwa kuwasomea wenyeji hati rasmi ya kuwataka wamkubali Papa na mfalme, wakikataa vifo vitakavyotokea vitakuwa kosa lao wenyewe. Ilisomwa kwa lugha wasiyoielewa, mara nyingine kwa vijiji vilivyokwisha kimbiwa. Padri Las Casas aliandika kwamba hajui acheke au alie. Mimi naona hati ile haikuandikwa kwa ajili ya wenyeji hata kidogo. Iliandikwa ili dhamiri ya Hispania ilale usingizi, na dhamiri ile ilikuwa mteja wa kweli; Las Casas mwenyewe ni ushahidi kwamba ilikuwa ikiamka.

Baada ya 1945 mteja amebadilika. Mkataba wa Umoja wa Mataifa unakataza kutumia nguvu dhidi ya nchi nyingine isipokuwa kwa kujihami au kwa idhini ya Baraza la Usalama, kwa hiyo siku hizi hakuna anayesema anapeleka ustaarabu. Kila mmoja anajihami, au ameitwa, au anaokoa raia. Sikiliza Agosti 1990: Saddam Hussein alipoingia Kuwait, kwanza ilitangazwa kwamba majeshi ya Iraki yameitwa na wanamapinduzi wa Kikuwait. Hata wiki haikuisha, Kuwait ikatangazwa kuunganishwa na Iraki. Ugomvi aliokuwa akiupigia kelele kabla ya hapo ulikuwa wa madeni, bei ya mafuta na kisima cha Rumaila mpakani. Upande wa pili nao haukukosa maneno: Oktoba mwaka huo msichana wa miaka 15 aliwaambia wabunge wa Marekani kwamba aliwaona askari wa Iraki wakiwatoa watoto wachanga kwenye mashine za kuwatunzia hospitalini. Baadaye ikajulikana ni binti wa balozi wa Kuwait mjini Washington, na kisa chenyewe hakikupata uthibitisho. Kuwait ilikuwa imevamiwa kweli! Haikuhitaji kuongezewa chumvi, na bado iliongezwa.

Sasa nije kwenye kipimo ninachokitumia, maana naona ndicho mnachokosa nyote wawili. Lengo zuri na faida zikienda njia moja, huwezi kujua nani anaongoza. Subiri wafike njia panda, mahali ambapo kulifuata lengo kutagharimu faida, uone wanakata kona wapi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Japani. Miaka ya 1940 ilitangaza kwamba inajenga Asia iliyo huru, ya Waasia, yenye ustawi wa pamoja, bila mabwana wa Kizungu. Na mabwana hao walikuwepo kweli: Waholanzi Indonesia, Waingereza Malaya na Burma, Wamarekani Ufilipino. Watu wengi wa nchi hizo waliyapokea maneno yale kwa furaha, na siwalaumu. Lakini Japani ilikuwa ikipata takriban asilimia 80 ya mafuta yake kutoka Marekani, na katikati ya 1941 Marekani, ikipinga uvamizi wake China na Indochina, ikafunga bomba. Visima vya karibu vilikuwa Sumatra na Borneo.

Tarehe 20 Novemba 1941, kabla hata bomu la kwanza halijaanguka Pearl Harbor, viongozi wa Tokyo walipitisha mwongozo wa siri wa kutawala maeneo watakayoyateka. Uliweka mambo matatu mbele: kurudisha utulivu, kupata haraka rasilimali zinazohitajika kwa ulinzi wa taifa, na kuhakikisha majeshi yanajitegemea kwa chakula na mahitaji hukohuko. Kuhusu uhuru wa wenyeji, ulielekeza kwamba harakati za kudai uhuru zisichochewe kabla ya wakati. Hotuba zilisema Asia huru. Karatasi ya ndani ilisema polepole kwanza.

Shemeji yako atasema hapo yamekwisha. Mimi nasema bado, maana vita vilikuwa havijaanza na kila jeshi hufikiria chakula na mafuta. Njia panda yenyewe ilifika 1943. Vita vilianza kwenda vibaya, na Japani ikaona ni lazima itimize ahadi ili ipate marafiki. Burma ikapewa uhuru Agosti, Ufilipino Oktoba. Ulikuwa uhuru wenye kamba mguuni, lakini ulitangazwa. Na Indonesia? Tarehe 31 Mei mwaka huohuo, mbele ya Mfalme, iliamuliwa kwamba Malaya, Sumatra, Java, Borneo na Celebes zitakuwa milki ya Japani na chanzo cha rasilimali zake, na uamuzi huo ufichwe kwa wakati ule. Sumatra na Borneo zilikuwa na mafuta, Malaya ilikuwa na mpira na bati. Novemba ulipofanyika mkutano mkuu wa mataifa ya Asia mjini Tokyo, Burma na Ufilipino zilikuwa na viti. Indonesia haikuwa nacho. Ahadi ya uhuru kwa Waindonesia ilikuja Septemba 1944, meli za kubebea mafuta zilipokuwa zikizamishwa na visima vile vikipungua maana kila mwezi. Sioni kipimo kilichonyooka zaidi ya hicho: ramani ya nani apewe uhuru ilichorwa kwa kufuata ramani ya visima.

Hapo nimempa shemeji yako bao, basi nimnyang'anye moja. Kipimo hichohicho kinamgeuka kwenye Iraki ya 2003. Najua picha anayoikumbuka: Baghdad imeanguka, Wizara ya Mafuta ina ulinzi wa vifaru, Makumbusho ya Taifa yanaporwa. Ni picha ya kweli na inauma. Lakini kama vita vilipiganwa ili kampuni za Marekani zichukue visima, mavuno yalikuwa duni. Minada ya 2009 iliendeshwa na serikali ya Iraki, na kisima kikubwa kuliko vyote, Rumaila, kilikwenda kwa BP ya Uingereza pamoja na kampuni ya taifa ya China, kwa mkataba wa kulipwa dola 2 tu kwa kila pipa la nyongeza, mafuta yakibaki mali ya Iraki. Lukoil ya Urusi na Petronas ya Malaysia walipata chao. ExxonMobil ya Marekani ilipata sehemu, naam, lakini hakuna anayetumia fedha zote zile na maisha ya askari wote wale ili agawane meza na Wachina.

Hapa ndipo nadharia ya "wanakwenda kuiba mafuta" inapokosea hesabu. Kununua mafuta ni rahisi kuliko kuyapigania, karibu siku zote. Taifa kubwa huogopa zaidi kufungiwa, au kuona mshindani ameshika bomba. Na hilo, ajabu, husemwa hadharani: Januari 1980 Rais Carter alitangaza kwamba jaribio la nguvu ya nje kuitawala Ghuba ya Uajemi litahesabiwa kuwa shambulio dhidi ya maslahi muhimu ya Marekani na litazuiwa kwa njia yoyote, ikiwemo ya kijeshi. Hakuna siri hapo. Mtu aliyetaka kujua mafuta yana uzito gani katika sera za Marekani hakuhitaji kuvumbua njama, angesoma hotuba.

Kuna hukumu moja ambayo huwa nawasomesha wanafunzi wangu kwa sababu inawakera wote, wa upande wako na wa upande wa shemeji. Uganda ilipeleka majeshi Kongo mwaka 1998 ikidai inajilinda dhidi ya waasi wanaojificha kule. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, ilikataa utetezi wa kujihami. Ilithibitisha kwamba maofisa na askari wa Uganda walipora dhahabu, almasi na mali nyingine, na kwamba serikali yao iliwajibika kwa kutowazuia. Lakini mahakama ilisema pia haikuona ushahidi wa kuaminika kwamba serikali ilikuwa na sera ya kupora rasilimali, au kwamba ilivamia ili izipate. Mwaka 2022 fidia ilipangwa kuwa dola milioni 325, ambamo milioni 60 ni za rasilimali. Soma tena mpangilio huo. Sababu iliyotajwa haikusimama, na sababu ambayo kila mtu aliidhania nayo haikuthibitika, hata hivyo dhahabu iliondoka. Jeshi likishakaa juu ya madini, uporaji hauhitaji kuwa umepangwa makao makuu.

Ndiyo maana huwa naomba watu waache kusema "nchi fulani ilifaidika". Nani ndani ya nchi hiyo? Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliwakusanya wanajiografia na wahisani Brussels mwaka 1876 kuzungumzia kuifungua Afrika ya Kati na kukomesha utumwa, na mwaka 1885 akapata Kongo yote kama mali yake binafsi. Mkataba wa Berlin ulikuwa umemkataza kutoza ushuru wa bidhaa zinazoingia. Ulipokuja mkutano wa kupinga biashara ya watumwa huko Brussels mwaka 1889 na 1890, aliomba na akaruhusiwa kuutoza, kwa hoja kwamba kupambana na watumwa ni gharama. Nakuomba uvutiwe na ufundi ule, hata kama unakuchukiza. Aliyemfichua alikuwa karani wa kampuni ya meli, E. D. Morel, kwa kutazama tu vitabu vya bandari ya Antwerp: meli zilikuja zimejaa mpira na pembe za ndovu, zikarudi na bunduki na risasi, na karibu hakuna bidhaa ya kuwalipa waliouvuna mpira huo. Hakuhitaji kuingia moyoni mwa mfalme. Alisoma orodha ya mizigo.

Wewe nawe, vita vingine vikitangazwa, tafuta orodha ya mizigo. Angalia nani anatia saini mikataba, lini, na kama serikali iliyowekwa inaweza kuikataa. Nyaraka za siri huja kuchelewa, lakini huja. Oktoba 1956 Uingereza na Ufaransa zilisema zinaingia Suez kuwatenganisha Wamisri na Waisraeli waliokuwa wakipigana. Siku chache kabla, pale Sèvres karibu na Paris, zilikuwa zimekubaliana kwa maandishi na Israeli ianze mapigano hayo. Waziri Mkuu Eden aliagiza nakala za Uingereza ziharibiwe. Ya Israeli ikabaki.

Umebaki na swali lako la mwisho, na ndilo zito: dhalimu akiondolewa, kuna ubaya gani mtu akijipatia mafuta njiani? Ubaya uko kwa wale walioyaamini maneno. Lengo la kweli ndilo linaloamua vita viishie wapi. Tarehe 15 Februari 1991, huku ndege zikipiga Iraki, Rais Bush, baba, aliwaambia askari na wananchi wa Iraki wachukue hatua wenyewe wamlazimishe Saddam aondoke. Maneno yalirushwa redioni. Mwisho wa mwezi Kuwait ikawa imekombolewa na vita vikasimama. Machi watu wa Basra, Najaf na Karbala wakainuka, kisha Wakurdi kaskazini. Majeshi ya Marekani yalikuwa bado kusini mwa Iraki, mengine karibu kiasi cha kuona moshi. Kwenye mazungumzo ya kusitisha vita pale Safwan, makamanda wa Iraki waliomba waruhusiwe kurusha helikopta kwa kuwa madaraja yamevunjwa, wakaruhusiwa. Wakurdi walikuja kupata hifadhi Aprili, wakiwa tayari wamekimbilia milimani. Kusini hakuna aliyekuja, na helikopta zilezile ziliwafuata waasi mpaka kwenye makaburi ya Karbala na Najaf.